Kikapu Alichokirudisha Byabato

Benchi letu liko Kituntu, mbele ya kibanda cha Ildefonsi, fundi baiskeli tunayemwita Kiraka. Hapo tunatafuna kahawa kavu kutoka kikapu kimoja, na anayekirudisha kikapu bila kuchota amekutukana, hata mtoto anajua. Projest tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Nawapenda watu hawa, lakini Mungu aliwanyima breki. Mwaka ule wa themanini na nane, mwenzetu Byabato alikuwa amelazwa wiki ya pili, malengelenge mwili mzima, na sisi tukawa tunamtibu kutoka benchini.

— Ni mkanda wa jeshi, alisema Kiraka, akitafuta tundu kwenye tyubu.

— Mkanda hushika upande mmoja, nikasema. Yeye kashikwa kushoto na kulia.

— Basi amevaa miwili.

— Mimi nasema ni kale kadudu kekundu, akasema Redio. Kakikutambalia umelala, unaamka umebabuka.

— Kadudu kamoja, mwili mzima?

— Kalikuwa safarini. Au lile shati lake la mtumba. Mwenye shati alikufa nalo Ulaya. Lisemwalo lipo.

— Nani kalisema?

— Si mimi, sasa hivi.

— Haya, mbona malengelenge yanatoa maji, hayatoi damu?

— Damu nzito kuliko maji, Kiraka. Maji mepesi, yanatangulia.

Kisha Redio akashusha sauti.

— Wengine wanasema ni ukimwi.

Neno hilo ndilo lililotuzuia kwenda kumwona, na mpaka leo naona aibu.

— Hata hivyo alishaanza kuringa, akasema Kiraka. Kabla hajaugua alirudisha kikapu siku tatu mfululizo, mbele za watu.

— Na mimi nilimnunia, nikasema.

Tukiwa hapo akatokea Kemilembe, mke wa Byabato, kanga imejaa vumbi la njia.

— Habari za hapa, shemeji zangu.

Tukamsogezea nafasi. Hakukaa.

— Daktari anasema ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mwili wake unaipiga ngozi yake wenyewe. Ila yako magonjwa mawili yanafanana, anataka kuyatenganisha. Anauliza, vidonda vya mdomoni ndivyo vilivyotangulia, au malengelenge ya ngozi? Mwenyewe hawezi kusema, kinywa chote kimechubuka. Mimi nilikuwa Kimuli kwenye msiba wa mama. Nyinyi mlikuwa naye kila siku. Kilitangulia kipi?

Redio akachota kahawa, akatafuna. Kiraka akainamia tyubu yake. Wiki mbili tumebishana, na swali dogo namna hiyo limetushinda.

Mimi nikakitazama kikapu. Kahawa ile ni ngumu, na maganda yake yanakwaruza.

— Mdomoni, shemeji, nikasema. Siku zile alizorudisha kikapu, mikono yake ilikuwa mizima, niliiona. Alikuwa anaumia kutafuna. Sisi tukadhani anaringa.

Kemilembe akajikung'uta vumbi la kanga.

— Basi njooni mkamwambie daktari wenyewe.

Kiraka akafunga kibanda mchana kweupe, Redio akabeba kikapu. Tulipofika wodini, Redio, kwa mazoea tu, akamnyooshea Byabato kikapu. Byabato akakirudisha taratibu, kwa mkono uliofungwa bendeji.

Hakuna aliyenuna.