Upenyo wa Karatasi Moja

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Amedeus Luambano anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Klabu ya Shabaha ya Matogoro, hapa Songea. Kamati imeniagiza mimi, katibu, niandike kwa upole. Nitajaribu.

Alizaliwa Mpitimbi mwaka 1965, akajifunza useremala, na mwaka 1994 tukamwajiri atengeneze fremu za kubandikia karatasi za shabaha. Hakuna aliyemtuma aguse bunduki. Lakini tulikuwa na bunduki moja ya tuu-tuu, ile ya risasi ndogo, iliyopiga vizuri kiangazi na kupiga ovyo masika. Wataalamu wetu hawakukosa maelezo: mpigaji kavuta triga kwa pupa, mpigaji hakulala, mpigaji ana mkono mzito. Wapigaji watatu wazuri waliacha mchezo wakiamini kuwa ni wabovu. Ikabidi seremala aulize swali ambalo wenye vyeti hawakuliuliza: mbao inayoubeba mtutu, ikipata unyevu, inafanya nini? Inavimba. Ikivimba inausukuma mtutu. Basi.

Akaichonga mbao ile mpaka mtutu ukaelea juu yake, hauigusi mbele popote. Kipimo chake ni kipande cha karatasi ya daftari. Kikipita kati ya mtutu na mbao, sawa. Kikikwama, anachonga tena. Baadaye akausawazisha mdomo wa mtutu, akailainisha triga, akajaribu risasi za aina sita hadi akaipata moja ambayo bunduki inaipenda. Alibadilisha kitu kimoja kwa wiki, kila Jumatano akapiga risasi tano, akaandika. Kimoja! Nani kati yetu hajamgombeza kwa hilo? Sisi tunasubiri mashindano, yeye anasubiri Jumatano. Ukimharakisha anakujibu, "Nikibadilisha viwili, nitajuaje kipi kimetusaidia?" Nilikasirika mara nyingi, na kila mara alikuwa sahihi, jambo linaloudhi zaidi. Matundu matano yaliyokuwa yakienea kisosi kizima kwa mita hamsini, leo unayafunika kwa kizibo cha soda.

Sasa nifike mwezi Machi. Tulipata mgeni rasmi, na sote tunajua akija mgeni rasmi nini hutokea: mawe yanapakwa chokaa, na kila kinachofanya kazi kinalazimishwa kupendeza. Amedeus alikuwa kwao Mpitimbi msibani. Kamati ikauona ule upenyo kwenye bunduki, ikauita ufa, ikaona aibu. Bunduki ikapelekwa kwa seremala wa mtaa wa Lizaboni, ambaye kwa ustadi mkubwa aliujaza gundi na unga wa mbao, kisha akapaka vanishi. Iling'aa kweli. Mgeni rasmi akaishika, akaisifu, akapiga nayo picha.

Zilibaki siku tisa kufikia mchujo wa Iringa, ambako wawili wa kwanza wangeingia kambi ya taifa. Lidwina Haule, mwalimu wa shule ya msingi na mpigaji wetu bora, alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miaka sita. Akapiga tano za mazoezi, zikatawanyika kushoto. Akapiga tano nyingine, vilevile. Mwenyekiti wetu, Bwana Remmy Tawete, akamwambia, "Dada, huo woga. Umeshaanza kuiwaza Iringa." Lidwina akaiweka bunduki chini, akalia. Maelezo yaleyale ya mwaka 1994!

Kesho yake Amedeus akarudi.

"Shikamoo, mzee," Lidwina alisema. "Ama bunduki ina pepo, ama mimi."

"Marahaba, mama." Akatoa karatasi yake, akaisukuma, ikagoma. "Haina pepo. Ina gundi."

Mwenyekiti akaeleza kuwa palikuwa na ufa, umezibwa.

"Mwenyekiti, huo ufa ndiyo kazi mnayonilipia."

Akakwangua kwa msasa siku sita. Siku ya saba akampa Lidwina bunduki. Lidwina akapiga tano, kizibo cha soda kikafunika matundu manne, la tano likachungulia pembeni. Hapakuwa na Jumatano nyingine ya kusubiri. Lidwina akaenda Iringa na wasiwasi wa tundu hilo moja, akawa wa pili. Mnaposoma haya yuko kambini.

Na kamati imejifunza nini? Hadi leo haijaajiri fundi mwingine. Wiki iliyopita mjumbe mmoja alipendekeza bunduki ipakwe vanishi upya, ipendeze kwenye sherehe hii ya kumuaga. Nilipiga meza. Nilikuwa na sababu ya kuipiga: kibali cha kuipeleka Lizaboni mwezi Machi kilikuwa na sahihi yangu. Sikuangalia nilichosaini. Amedeus alijua tangu siku ile ya gundi, na hakusema. Juzi tu, akikabidhi funguo za karakana, alinipa kipande chake cha karatasi. "Katibu, kabla hujasaini, pitisha hii."

Ninacho mfukoni, na asubuhi ya leo kimepita chini ya mtutu.

Asante, Mzee Amedeus. Nenda Mpitimbi na mkeo, Mama Beata, uchonge viti na vitanda ambavyo hakuna mgeni rasmi atakayevikagua. Uwe na afya, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Bunduki haitapakwa vanishi.