Asubuhi Ilse Alipomrudisha Mume Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari na wauguzi, familia ya Penner, na ninyi ndugu wageni mliokatiza theluji kuja hapa Winnipeg kumuaga Ilse anapostaafu: hamjambo?

Wakubwa wameshamsifu kwa miaka yake kwenye mashine ya mionzi. Mimi Margarethe Friesen, mke wa mkulima wa ngano, nimekuja kumsema.

Mume wangu Abram alipopata saratani ya ini, uvimbe ulikaa jirani kabisa na tumbo. Tuliambiwa mionzi itapigwa palepale, kwa nguvu, mara chache tu. Kwa hiyo asile kitu asubuhi, maana tumbo likijaa litausogelea uvimbe na kuungua nao. Lakini ninyi mnatujua watu wa shamba. Nani kati yetu aliwahi kutoka nyumbani bila kifungua kinywa? Nilipokuwa nje nikipasha gari moto, mwenzangu akajipakulia.

Tulipofika hospitalini, Ilse akampiga kwanza picha ya ndani ya tumbo, kama ilivyo desturi.

"Bwana Friesen, umekula?"

"Hata chembe, dada."

"Na hicho kilichojaa tumboni?"

"Hewa tu."

"Hewa inayonukia soseji? Shuka mezani, baba. Urudi kesho."

Abram alifoka: katoka mbali, barabara barafu tupu, na tumbo ni lake! Mimi nililia, kwa sababu niliona kila siku inayopita ni ushindi wa saratani. Ilse hakupandisha sauti, wala hakulegea.

Kesho yake tulimkuta mlangoni, naye hajala. "Leo tunafunga wote," akasema. Kisha tukamsikia kwenye kipaza sauti: "Vuta pumzi, baba. Shika. Usicheke!" Maana ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na Abram bila utani hakai. Walipomaliza, tulikula supu yangu ya kabichi, sisi watatu, kwenye viti vya wagonjwa.

Ndugu zangu, nani hutamani siku za ugonjwa? Mimi nazitamani. Natamani safari ile, redio ikikoroma, Abram akilalamikia njaa njia nzima.

Moyo ndio uliomchukua majira ya baridi yaliyopita. Ini lilikuwa limepona zamani.

Ilse, asubuhi ile uliyotufukuza, binti yetu alikuwa hajaolewa. Tina, mjukuu wangu, panda juu ya kiti wakuone. Mluzi wake huo unaowasumbua tangu mlangoni, kafundishwa na babu yake.

Ahsante, Ilse. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bibi kizee.