Asiyejiweza Anajulikana Anapoishi

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Eliona, aliyekuwa akiuza kahawa Pasua, mjini Moshi. Aliisimulia Desemba 2003 nyumbani kwa Kastori, Masama mlimani, ndugu walipokuwa wamepanda kwa Krismasi. Kastori mwenyewe alikuwepo akisikiliza, na alimsahihisha mahali pamoja tu: Eliona alisema benchi lake la kahawa lilikuwa na watu watano, Kastori akasema wanne, kwa sababu Eliona alikuwa amesimama. Ilikuwa asubuhi ya Julai 2001, baridi kali, mlima umefunikwa na mawingu tangu alfajiri. Mwenye redio alikuwa Sylvanus, karani mstaafu wa ushirika, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua nani aongee, walimwita Spika. Kando yake alikaa Primus, mlinzi wa hospitali kwa miaka kumi na minane hadi alipopunguzwa kazini. Huyo walimwita kwa heshima zote Dokta. Wa tatu alikuwa Vedastus, mtu wa Singida, aliyekata miwa tangu ujana wake, jina lake Miwa. Kastori alikuwa bado hajapewa jina. Alikuwa na wiki tatu tu hapo, mkulima wa Masama aliyemshusha mkewe Anyesi kwa mpwa wao, nyumba ya tatu kutoka benchini. Anyesi alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali ilisema apasuliwe mapema, na kwamba mumewe aje ama na fedha ya kuchangia, ama na barua ya uongozi wa anapoishi kuthibitisha kwamba hajiwezi. Fedha hakuwa nayo. Barua kijiji kilikuwa kimemnyima. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa anamsubiri Waziri wa Afya ajibu maswali Bungeni, redioni.

— Nyamazeni, akasema Spika. Waziri amesimama.

Redio ikakoroma, ikatulia. Sauti ya Waziri ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

— Mheshimiwa Spika, Serikali haina nia ya kumnyima matibabu mwananchi yeyote asiyejiweza. Utaratibu wa msamaha upo, uko wazi, na unafanya kazi vizuri.

Makofi. Kisha mbunge mmoja akaomba swali la nyongeza: je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kulieleza Bunge huyo asiyejiweza ni nani hasa?

Kastori akaacha kupuliza kahawa yake.

— Mheshimiwa Spika, akajibu Waziri, asiyejiweza anajulikana mahali anapoishi.

Bunge likacheka kidogo, likahamia kwenye minada ya mifugo. Spika akapunguza sauti.

— Basi? akauliza Kastori.

— Basi. Si amejibu?

— Mimi nimekwenda ninapoishi.

— Hebu eleza vizuri, meku, mzee wangu, akasema Dokta. Miwa hakuwepo juzi.

Kastori akaeleza tena, polepole. Mwenyekiti wa kijiji ni mtoto wa baba yake mdogo. Alimkaribisha, mbege, pombe ya ndizi, ikaletwa, wakanywa. Halafu akamwambia: Kastori, una kihamba, shamba la kahawa la babu, una nyumba ya bati, una ng'ombe wawili bandani. Nikiandika kwamba hujiwezi, muhuri huo nimeugonga kwenye ukoo mzima. Nani ataleta posa kwetu?

— Hajui kwamba kahawa haina bei? akauliza Dokta.

— Anayo ya kwake. Anajua.

— Na ng'ombe?

— Ng'ombe waliuzwa, wakaenda kwa vipimo. Banda analiona kutoka barabarani, lakini ndani hakuingia.

— Sasa huo ukoo utamchangia mgonjwa?

— Amesema tumwombe Mungu.

Eliona akaongeza kahawa bila kuulizwa.

— Tatizo ni bati, akasema Dokta. Mimi nimekaa getini miaka kumi na minane. Nimeona wagonjwa wengi kuliko huyo Waziri.

— Uliwaona wakiingia na kutoka, akasema Spika.

— Ndiyo udaktari wenyewe, kujua nani atatokea mlango upi. Nisikilize, Kastori. Panda kesho, ezua bati, ezeka majani ya migomba. Ikija kamati ya msamaha kukagua, wakute moshi unatoka juu ya paa.

— Nyumba ya mwaka sabini na saba niiezue?

— Kwa muda.

— Na majirani?

— Waambie unakarabati.

— Dokta hana akili leo, akasema Spika. Neno la Waziri ni moja, anapoishi. Bati haliishi, anayeishi ni mtu. Hamia Pasua moja kwa moja, panga chumba kimoja, uwe mpangaji. Baada ya miezi sita mtaa unakujua kama mtu asiye na kitu.

— Miezi sita, akasema Kastori. Daktari alisema mapema.

— Basi avuke mpaka! Dokta alikuwa amepata moto. Avuke Holili aingie Kenya mchana kweupe, alale upande wa pili siku mbili, arudi akilia kama mkimbizi. Mkimbizi haulizwi kihamba. Anapewa na blanketi.

— Kwa hiki Kichagga chake?

— Asiseme. Aonyeshe kwa mikono.

Hata Kastori alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kofia. Alijua Anyesi angesikia wakicheka. Ukuta wa nyumba ya mpwa ulikuwa mwembamba.

Miwa akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Mimi ninayo.

— Unayo nini?

— Barua. Nilipougua kifua. Mwenyekiti wa mtaa aliandika bila kuinua macho. Hakuniuliza hata jina la baba yangu.

Spika akavaa miwani, akasoma kwa sauti: Vedastus na mkewe, wakazi wa mtaa huu, hawana shamba, hawana mifugo, hawana ndugu wa kuwasaidia, hawajiwezi. Muhuri upo.

— Mkewe, akarudia Dokta.

— Alirudi kwao Singida mwaka juzi, akasema Miwa. Jina lake halikuandikwa.

Kila mtu akaelewa kwa wakati mmoja. Dokta ndiye aliyeanza.

— Getini hawamjui. Anaingia kama mke wa Miwa, anapasuliwa, anatoka mke wa Kastori kama kawaida.

— Na akiulizwa jina?

— Anyesi Vedastus. Siku kumi tu.

— Kaka, sikuwaza hivyo, akasema Miwa, macho chini. Nilitoa tu muone inavyoandikwa. Lakini kama itamfaa shemeji, ichukue.

Spika alivua miwani, akagonga ubao kwa kikombe.

— Hoja imetolewa. Wanaoafiki waseme ndiyo.

— Ndiyo, akasema Dokta.

— Ndiyo, akasema Eliona, kisha akajuta.

— Wasioafiki?

Kastori alifikiria miaka thelathini na minane ya ndoa, na parokia, na mkewe akivuliwa jina lake kwenye kitanda cha hospitali. Alikuwa na hasira ya kuwapindulia benchi. Lakini kilichomtisha hakikuwa maneno yao. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka, na barua ilikuwa imeshafika kwenye vidole vyake.

— Naona walioafiki wameshinda, akasema Spika, kwa sauti ya chini.

Wakati huo alikuwa amesimama hapo dereva wa lori la mahindi kutoka Holili. Baadaye Eliona alimjua kwa jina la Jovin. Aliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, akaomba kikombe kimoja. Alikuwa amesikiliza tangu habari ya mkimbizi.

— Samahanini, wazee wangu. Mama mwenyewe anasemaje?

— Mama yupi? akauliza Dokta.

— Huyo mgonjwa.

Spika alimtazama Dokta. Dokta alimtazama Kastori. Kastori alifungua kinywa.

— Yeye anasema...

Akatafuta. Jana alimwomba maji ya uvuguvugu. Juzi alimuuliza kama huko juu mvua imenyesha. Usiku mmoja alishika mkono wake, akawa kama anataka kusema kitu, naye Kastori akamwambia apumzike, mambo yanashughulikiwa. Wiki tatu alikuwa amemuuliza mwenyekiti, mtendaji, paroko, Spika na Dokta, na asubuhi hiyo alimsubiri Waziri.

— Sijamuuliza, akasema.

Eliona aliinamisha birika juu ya kikombe cha dereva, yakatoka mashapo matupu. Akaomba radhi.

Kastori aliinuka, barua mfukoni, akaenda hadi nyumba ya tatu, akavua kofia, akaingia.

Alichojibiwa humo ndani, Eliona hakukijua, na Krismasi ile, alipofika hapo katika masimulizi yake, watu wote walimgeukia Kastori. Kastori alivua kofia, akaiweka magotini. Kinachojulikana ni kwamba siku ya tatu alimrudishia Miwa barua yake, na yeye na Anyesi wakapanda Masama bila kwenda hospitali.

Anyesi alizikwa kihambani tarehe 18 Agosti 2001, kwa jina lake. Ukoo ulichinja ng'ombe wawili.

Sylvanus alifariki 2006, Primus 2009, Eliona 2014. Jovin hakupita tena Pasua, na hakuna anayejua habari zake. Vedastus yu hai, Singida. Kastori yu hai.