Mama Akidi na Barua ya Nguzo Mbili

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, karani wa vikao vya Baraza la Chuo anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuikosoa, ameandika mihutasari ya vikao mia moja arobaini na tisa vya Baraza. Vya kamati aliacha kuvihesabu vilipofika mia sita. Mhariri wa jarida hili la chuo ameniomba mimi, mtunza masijala, niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimetazamana miaka ishirini na saba. Nimekubali, ingawa ipo sehemu ya habari hii ambayo ningefurahi kama ingeandikwa na mtu mwingine.

Tunamwita Mama Akidi. Akidi ni ile idadi ya wajumbe ambayo ikipungua, Baraza haliwezi kuamua kitu. Siku moja mjumbe alitoka kupokea simu wakati wenzake wakitaka kupitisha ununuzi wa magari matatu ya wakubwa. Mama Akidi akanyanyua penseli yake nyekundu juu. Mwenyekiti akahesabu vichwa, akasimamisha mjadala, na wajumbe wakakaa dakika arobaini wakitazamana. Mwenzao aliporudi, watu walikuwa wamepata nafasi ya kuisoma karatasi vizuri, na magari matatu yakawa moja. Dereva wa chuo hajamsamehe mpaka leo.

Kwa mambo kama hayo, watu walimdhania jasiri. Mimi niliyekaa mbele yake najua alikuwa mwoga kuliko sisi sote. Asubuhi ya kikao chai haikupita kooni. Alihesabu kurasa za makabrasha mara tatu, akaenda msalani mara mbili, akarudi kuhesabu tena. "Mkubwa akiniita tu, tumbo linanikata," alizoea kuniambia. "Hata akiniita kunipa barua ya kupandishwa cheo."

Kwa wale mnaofanya kazi mbali na jengo la utawala, niseme kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Baraza lina wajumbe ishirini na mmoja, na wengi wao wana kazi zao nje ya chuo. Jambo la fedha huanzia Kamati ya Fedha na Mipango, kisha huletwa mbele ya Baraza likiwa kwenye kabrasha pamoja na viambatisho vyake. Wajumbe huingia saa nne asubuhi na kutoka saa nane mchana. Kisichokuwemo kwenye kabrasha, hawakijui. Basi anayepanga kabrasha ameshika kitu kikubwa, hata kama mshahara wake hausemi hivyo.

Miaka kumi na tisa iliyopita chuo kilikuwa kimemaliza kujenga bweni jipya, lile la ghorofa tano nyuma ya maktaba. Lilijengwa kwa mkopo wa benki. Marejesho yalipangwa kuanza Oktoba, na yalitegemea kodi ya wanafunzi mia sita ambao wangeingia mwezi huo huo. Kamati ya Fedha ilikwisha kupendekeza lifunguliwe. Kilichobaki ni Baraza kuidhinisha.

Siku kumi na mbili kabla ya kikao, mhandisi mshauri alileta barua masijala. Niliigonga mhuri, nikaiandika kwenye rejista, nikaisoma kama ninavyosoma kila barua inayopita mikononi mwangu. Alisema nguzo mbili za ghorofa ya chini zina nyufa za kuingiza kidole, na kwamba mtu yeyote asilale humo mpaka zege lipimwe.

Alasiri ile Mkurugenzi wa Mipango wa wakati huo aliingia masijala, akafunga mlango nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Ile barua ya mhandisi tutaijadili wenyewe kwanza," alisema. "Isiingie kwenye kabrasha."

Nikamwambia kwamba imekwisha kupewa namba kwenye rejista, na herufi ya kiambatisho, 6C.

"Namba ni kazi yako. Mkataba wako unaisha Juni, sivyo?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Niliitoa barua kwenye jalada, nikampa mkononi. Rejista sikuigusa. Sikuwa hata na ujasiri wa kufanya kosa hilo mpaka mwisho.

Kesho yake Mama Akidi alikuwa akipanga viambatisho vya ajenda ya sita. Akanyanyua uso.

"Nina 6A, 6B na 6D. C iko wapi?"

"Haikufika," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na kazi. Mchana nilipotoka kwenda kula, alifungua rejista. Hilo nimelijua baadaye. Aliona tarehe, namba na jina la ofisi ya mhandisi, akampigia simu, na mhandisi akaja mwenyewe na nakala ndani ya bahasha ya kaki.

Sijui kama naweza kueleza ile wiki. Mama Akidi alipungua tukimwona. Alipita njia ya maktaba asubuhi na jioni, ingawa ilimzungusha, akasimama mbele ya lile bweni tupu na kuzitazama zile nguzo. Vitanda vilikuwa vimeshaingizwa. Aliniambia tu kwamba anaota ndoto mbaya, anasikia watoto wa watu wakipanda ngazi. Mimi nilijifanya natafuta faili.

Hofu ya pili ilikuwa nyumba. Yeye na mumewe, fundi cherehani, waliishi kwenye nyumba ya chuo pamoja na mama mkwe aliyekuwa hawezi kutembea. Kazi ikipotea, na nyumba inakwenda. Mumewe amenisimulia kwamba alimwonyesha ile barua mezani baada ya chakula cha mchana, siku ya Jumapili.

"Ukinyamaza itakuwaje?" mumewe alimuuliza.

"Labda haitakuwa kitu. Labda zitasimama miaka hamsini."

"Na zisiposimama?"

Aliikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha. Mumewe akasema, "Vyumba vya kupanga vipo, mke wangu. Mama tutambeba."

Jumatatu, siku moja kabla ya kikao, Mkurugenzi alisimama kando ya meza yake. "Nasikia siku hizi unaongea na wahandisi," alimwambia. "Kazi yako ni kuandika yanayosemwa." Alipoondoka, Mama Akidi alijaribu kufunika kalamu yake na kifuniko, akashindwa mara tatu. Sikumsaidia.

Karani hana ruhusa ya kuchangia katika kikao. Lakini mwenyekiti wetu wa wakati ule, jaji mstaafu, alikuwa na desturi moja. Kabla ya uamuzi wowote wa fedha aliuliza, bila hata kunyanyua macho, "Karani, nyaraka zote zipo?" Naye alijibu, "Zipo, Mwenyekiti." Kwa miaka yote hiyo halikuwahi kutoka jibu jingine.

Ajenda ya sita ilifikiwa saa sita kasoro. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sanduku la majalada. Mkurugenzi alieleza, Mkuu wa Fedha akaunga mkono, wajumbe wawili wakasifu rangi ya jengo. Mwenyekiti akauliza swali lake.

Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Mwenyekiti akanyanyua macho.

"Karani?"

"Hazipo, Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Kuna moja haimo."

Mkurugenzi akasimama. "Mwenyekiti, kwa utaratibu karani hachangii."

"Hachangii," alisema Mwenyekiti. "Nimemuuliza mimi. Mama, ni waraka gani?"

Akatoa ile nakala. Alisoma tarehe, namba ya kumbukumbu, kisha barua yote, neno kwa neno. Alipofika penye nyufa alikosea neno, akaanza tena sentensi ile tangu mwanzo.

"Barua hii ilipokelewa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ilipokelewa masijala tarehe tisa. Ina mhuri."

"Nani aliitoa kwenye kabrasha?"

Niliona mlango, nikafikiria kutoka. Mama Akidi hakugeuka kunitazama.

"Ninachokijua ni kwamba haikuwekwa, Mwenyekiti."

Baraza lilijadili saa mbili. Mwakilishi wa wanafunzi aliuliza kama aliyeandaa karatasi angemlaza mwanawe humo. Mkuu wa Fedha, tumtendee haki, alisema wazi kwamba benki haitangoja, na fedha za marejesho zitatoka mahali fulani. Kura zikapigwa: kumi na moja kuahirisha, saba kufungua. Marejesho ya mwaka ule yakalipwa kutoka fungu la posho ya likizo ya wafanyakazi.

Wengi mnaosoma jarida hili mnaikumbuka likizo ile. Mtakumbuka pia kwamba mliacha kumsalimia. Palikuwa na watu waliohamia upande mwingine wa ukumbi wakimwona anakuja. Baada ya wiki tatu akahamishiwa stoo ya vifaa vya michezo, "kwa mahitaji ya utumishi," na barua ya kuhama nyumba ikafuata. Walimbeba mama yao kwenye kiti mpaka vyumba viwili vya kupanga, ngazi kumi na nne kwenda juu.

Zege lilipimwa. Nguzo moja ilikuwa salama. Ya pili ilikuwa dhaifu chini ya kiwango, ikazungushiwa chuma na zege jipya kwa miezi mitano. Watu walimuuliza mhandisi kama bweni lingeanguka, akasema hajui. Wala hakuna atakayejua. Wanafunzi wameishi humo miaka kumi na minane, na kila Oktoba wanapoingia wapya Mama Akidi huomba ruhusa ya nusu saa kwenda kuzitazama nguzo.

Alikaa stoo miaka miwili. Mwenyekiti mpya alimrudisha, na kwa pendekezo la Mama Akidi Baraza likapitisha kwamba orodha ya viambatisho isainiwe na karani pamoja na masijala kabla ya kabrasha kufungwa. Wakaguzi wa nje wamelisifu jambo hilo mara nne. Mkurugenzi yule alikwisha kuondoka kwa hiari yake. Mimi mkataba wangu uliongezwa Juni ile, na kila baada ya hapo.

Juma lililopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu, ile ya kwanza, yenye tarehe na vyeo tu. Aliisoma akiwa amesimama, akarekebisha mwaka mmoja. Nikamwambia kwamba imepungukiwa, na kwamba mimi ndiye niliyeitoa barua.

"Najua," alisema. "Rejista ilikuwa na mwandiko wako. Nani mwingine angeitoa?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nikaona na wewe unaogopa. Sikuwa na nguvu za kubeba na hofu ya mtu wa pili."

Akanirudishia karatasi, akaenda kupanga makabrasha ya kikao chake cha mwisho.

Nimeandika haya yote na kumpa mhariri kabla moyo haujabadilika. Nimebakiza miaka mitatu kustaafu, na sijui Jumatatu itakuwaje. Jarida litakapotoka nitakuwa mezani kwangu, na mwenye swali atanikuta.

Mama Akidi, chuo kinakushukuru kwa kila ukurasa uliouandika, na tunakushukuru pia kwa niaba ya wazazi wa wanafunzi wasiokujua. Uwe na afya njema, wewe na mzee wako, na miaka mingi ya usingizi mtulivu. Na mimi peke yangu nakuambia asante kwa kutonitaja, na unisamehe.