Sikuli Mbusa na Kibao cha Garaji ya Pavlos

Mapadri, wazee, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza, familia inawaomba masikio.

Marehemu Sikuli Mbusa, aliyebatizwa Rémy, jina ambalo sheria ya mwaka 1972 ya kufuta majina ya Kizungu ilimvua lakini mama yake hakuacha kumwita hivyo, alizaliwa Butembo tarehe 12 Machi 1938, akasoma shule ya misheni toka 1946 hadi 1952, na mwaka 1955 akashuka Goma kujifunza ufundi wa magari kwa Mgiriki aitwaye Pavlos, mtu ambaye hakumpiga wala kumdhulumu, na wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Tarehe 6 Julai 1963 alifunga ndoa na Mama Émérance, wakapata watoto saba, watano wako hapa mbele yenu, na msimamizi wa ndoa hiyo alikuwa rafiki yake Donat, ambaye naye yuko hapa, ameketi kwenye safu ya kwanza.

Toka 1966 hadi 1972 marehemu alishindana katika mbio za magari, na kutoka Sake hadi Rutshuru watu walimtambua kwa vumbi lake, huku Donat akiketi pembeni na daftari la njia, akimtajia kila kona kabla haijaonekana, na marehemu akiingia humo bila kupunguza mwendo, kwa sababu sauti ya Donat aliiamini kuliko macho yake mwenyewe.

Kwa zawadi za mbio hizo, tarehe 3 Mei 1972, aliinunua garaji ya Pavlos aliyekuwa akirudi kwao mgonjwa, Donat akatia sahihi kama shahidi, na marehemu akaajiri mafundi kumi na mmoja, akawa hamrudishii mteja gari kabla ya kulijaribu mwenyewe kwenye barabara ya Sake. Kosa lake lilikuwa moja, na Mama Émérance alimwonya: aliliacha jina la Pavlos kwenye kibao na kwenye karatasi za ofisi, akisema kwamba kumfuta mtu aliyekufundisha kazi ni kama kumfukuza.

Mwisho wa mwaka 1973 ikatoka amri ya kuwapa wananchi mali za wageni, barua ikaandikwa kwamba garaji ya Mgiriki Pavlos haina mwenyewe, na tarehe 19 Februari 1974 marehemu alitolewa nje na overoli yake mwilini, akamwona aliyekabidhiwa funguo, naye ni yule yule shahidi, ambaye katika mwaka mmoja aliuza mashine zote na kufunga mlango. Mwaka 1976, wageni walipoanza kurudishiwa mali zao, marehemu alipanga mstari siku tatu, na karani akamwambia, “Muzee, tunarudishia bageni tu, weye uko mutoto wa inchi.” Kunyang'anywa, alinyang'anywa kama mgeni, na kurudishiwa, alinyimwa kama mwananchi.

Alianza upya Katindo kwa kuziba matairi, akafufua lori moja lililotupwa, akalipeleka Bunagana na maharagwe miaka sita, na kila alipopita mbele ya garaji yake, ambayo sasa inauza bia, alikaza macho barabarani. Ugonjwa wa moyo ulimshika Januari 1984, akafariki hospitalini tarehe 9 Agosti.

Familia inawashukuru madaktari, majirani wa Katindo walioleta kuni na maji, wenye malori wa Bunagana, na wale mafundi kumi na mmoja waliobeba jeneza. Marehemu alitukataza kumfukuza Donat, kwa hiyo atapewa koleo kama wengine, ingawa sisi tuliobaki bado hatujasamehe, na uongo hatutausema mbele ya kaburi.

Jambo la pili aliloomba ni msalaba, na Mama Émérance ameupaka rangi kwa mkono wake: Rémy Sikuli Mbusa, majina yote matatu, ili safari hii mtu yeyote asidai kwamba mahali hapa hapana mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Papa, hapa ni pako.