Fundi Inua na Pikapu Zilizolala Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani, wateja wa karakana na nyote mlioacha shughuli zenu leo, Jumamosi tarehe 11 Februari 2023: familia imempa mdogo wa marehemu dakika kumi za kusoma maneno haya. Amestaafu ualimu wa jiografia, hivyo tarehe na umbali mtavipata sawasawa. Mengine mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Inua, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa ghala na mkewe, mshona nguo. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichotazamana na yadi ya malori. Mama alikuwa akisema kilio chake cha kwanza hakikusikika kwa sababu ya honi. Huenda mama alitia chumvi kidogo. Mdogo wake alizaliwa miaka saba baadaye, hospitalini, pasipo honi yoyote, na bado katika nyumba ile hakuna aliyemsikiliza akiwepo kaka yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974. Hakuwa mjinga, ila kichwa chake hakikukaa darasani. Siku moja mwalimu alimtuma chaki ofisini, akarudi baada ya saa mbili. Alikuwa amesimama yadini akitazama lori likivuliwa springi. Alichapwa. Wiki iliyofuata akatumwa tena, maana mwalimu naye alikuwa mgumu wa kujifunza, na mambo yakawa yale yale. Kuanzia 1976 hadi 1978 alisoma uhunzi katika shule ya ufundi, na huko hakuna aliyelazimika kumtafuta.

Aliajiriwa na idara ya barabara Februari 1979. Juni 1988 akafungua karakana yake, banda la mabati nyuma ya mizani ya malori, lenye fuawe moja, nyundo tatu na benchi ambalo wateja walikatazwa kulikalia na wakalikalia. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuinua pikapu zilizolala nyuma. Kwa wasiojua, springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu, bapa, vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine. Mafundi huviita majani. Gari likibeba mizigo katika njia mbovu miaka mingi, majani yale huchoka, upinde wake hunyooka, mkia wa gari unashuka, na kila shimo ekseli inagonga raba zilizo chini ya chesisi. Wateja walikuwa wakipiga kelele wangali barabarani, "Fundi, inua!" Jina likamganda.

Wako mafundi wanaoinua gari kwa kuchomeka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Hilo alikuwa akiliita kumvisha mgonjwa viatu virefu. Yeye alifungua springi yote, akatenganisha majani, akayarudishia upinde kwa nyundo, bila moto, kidogo kidogo, akipima kwa uzi toka jicho hili la springi, yaani tundu la mwisho wake, hadi jicho lile. Tena hakushika spana kabla ya kuuliza, "Unabeba nini, na unakibeba kila siku?" Aliyeshindwa kujibu alirudishwa kwake akafikiri. Yuko muuza magodoro aliyetaka springi za kubeba saruji ili gari lake lisimame juu lipendeze. Fundi alimwambia, "Kwa magodoro? Nikikufungia za saruji utarukaruka mpaka meno yakudondoke. Springi lazima ijue kuna kitu juu yake." Muuza magodoro yupo hapa leo, na meno yake yote.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986. Baba mkwe wake alikuwa na pikapu iliyoegemea kushoto, akaileta kwa kijana huyu wa idara ya barabara aliyesifiwa. Kijana akainyoosha, kisha akasema springi mpya lazima iangaliwe kila Jumamosi, nyumbani kwa mwenye gari, mchana. Jumamosi ya sita mzee akamwambia, "Kijana, hii springi imepona zamani. Sema kilichokuleta." Akasema. Waliishi pamoja miaka thelathini na sita wakapata watoto watatu, na shemeji anasema hakuna siku aliyoingia ndani bila kupangusa mikono kwenye mapazia yake.

Maumivu ya mgongo yalianza Agosti 2022. Alisema ni nyundo. Tukamwamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kumwamini. Mwezi Novemba picha zilionyesha kwamba ugonjwa umeshaingia katika uti wa mgongo. Hospitali ya rufaa, kilomita 138 kutoka nyumbani, ilimpangia mionzi kila Jumatano, mara sita, kuanzia tarehe 11 Januari. Daktari alieleza kuwa haitamponya, ila ikienda vizuri itampunguzia maumivu na kumwongezea miezi. Familia nzima ikaishika ile miezi.

Shida ikawa namna ya kumfikisha. Kuketi hakuweza tena. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa juu ya mawe likingoja matairi, na mvua ilikuwa imechimba kilomita sitini za mwanzo kiasi kwamba magari ya kukodi yalikataa. Ilibaki pikapu yake mwenyewe, yenye turubai na godoro nyuma, ambayo kwa miaka mingi ilibeba vyuma chakavu. Mtu aliyeinua magari ya watu wote, la kwake lilikuwa limelala. Safari ya kwanza ekseli ilipiga raba kila shimo. Alipata mionzi, akarudi, akakaa siku mbili akikataa kugeuzwa kitandani.

Hapo ndipo mdogo wake alipojifanya fundi. Pamoja na jirani mchomeleaji alifungua springi zile, akaongeza majani mawili mazito ya lori kila upande, akafunga. Hawakumwambia mgonjwa, wakitaka kumfurahisha, ingawa alilala hatua kumi na tano kutoka pale uani na dirisha liko wazi. Gari likainuka. Likasimama mkia juu mpaka watu wakalipiga picha. Mdogo wake alilizunguka mara tatu. Hajawahi kujisikia mtu wa maana kama jioni ile.

Jumatano tarehe 18 Januari waliondoka alfajiri, mdogo wake kwenye usukani, shemeji nyuma na mgonjwa. Springi zilikakamaa kama ubao. Kila kokoto ilipanda moja kwa moja hadi kwenye godoro. Kilomita ya kumi na moja shemeji aligonga kioo cha nyuma, akilia. Mdogo wake alishuka, akafungua turubai.

"Hii umeifunga kwa mzigo gani?" kaka akauliza.

"Nilitaka isiguse raba, kaka."

"Nimekuuliza mzigo."

Mdogo wake aliinama kutazama chini ya gari. Swali lile alilisikia karakanani kwa miaka thelathini na minne, na siku ambayo mzigo ulikuwa kaka yake, hakuliuliza.

"Nina kilo arobaini na nane," kaka akasema. "Springi hii haina habari kama nimo. Geuza gari."

Shemeji alisema tutie magunia ya mchanga, mzigo uilegeze. Wazo lilikuwa sahihi, lakini kwa maumivu ya saa ile mgonjwa hakuweza hata kuinuliwa ili mchanga upangwe. Wakageuza. Mionzi ya siku ile ikapotea.

Kuanzia kesho yake kazi ilifanyika kwa amri ya kitandani. Majani ya lori yakatolewa. Yale ya zamani yalibebwa chumbani moja moja, kaka akayapapasa kwa dole gumba, akasema, "Hapa bado," au, "Hapa umezidisha, bwana, rudisha." Mdogo wake alipiga nyundo mpaka viganja vikachubuka. Ana mkono mzito. Jani ambalo kaka yake angelimaliza kwa saa moja lilimchukua siku nzima. Jumatano ya tarehe 25 ilifika springi zikiwa bado chini, sakafuni, na gari juu ya jeki. Siku ile kaka hakulaumu mtu. Aliuliza tu saa ngapi, akaambiwa saa nne, akageukia ukutani. Kama angetukana ingekuwa afadhali.

Springi zilifungwa Jumapili tarehe 29. Zilipimwa kwa mzigo wenyewe: kaka alilazwa nyuma, wakaenda hadi kwenye mizani na kurudi. Walipofungua turubai walimkuta amelala usingizi. Shemeji aliweka kidole mdomoni, na wote wakasimama pale uani karibu saa nzima, wakiogopa kumwamsha.

Jumatano tarehe 1 Februari walifika hospitali bila yeye kulalamika hata mara moja. Alipigwa picha nyingine. Daktari akamwita mdogo wake ukumbini, akamwambia hakutakuwa na mionzi tena. Ugonjwa umekwenda mbele, na sasa ni dawa za maumivu, nyumbani.

"Ni zile Jumatano mbili, daktari?"

"Sijui, mwalimu," daktari akajibu. "Kweli kabisa, sijui."

Mdogo wake alimshukuru. Hakujua afanye nini kingine. Alipofika kwenye gari kaka yake aliuliza, "Tunarudi lini?" Naye akajibu, "Jumatano." Lilimtoka tu. Shemeji alimtazama, akaelewa, akakaza turubai.

Wiki ile nzima marehemu aliihesabu kwa siku. Jumatatu alikataa uji lakini akauliza kama kuna mafuta kwenye gari. Jumanne alimwagiza binti yake amtolee shati la kuendea hospitali. Hakuna aliyethubutu. Kila mmoja aliingia chumbani na nia ya kumwambia, na kila mmoja akatoka akiwa amezungumzia hali ya hewa.

Basi Jumatano tarehe 8 Februari tulimpakia. Shati alivaa. Mdogo wake aliendesha kuelekea hospitali ambayo haikuwa ikimngoja, akifikiri kilomita baada ya kilomita atasema nini wakifika mlangoni. Gari lilipita mashimo taratibu, likishuka na kupanda vizuri, kama kaka alivyotaka. Kilomita ya arobaini na mbili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, shemeji aligonga kioo mara mbili, polepole. Mdogo wake alijua. Hata hivyo alipunguza mwendo kidogo kidogo, akatafuta mahali palipo sawa, akasimamisha gari kwa uangalifu, asije akamtikisa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, mkwe mmoja anayependwa na mwingine anayevumiliwa, na karakana ambayo itafunguliwa Jumatatu na binti yake wa pili, mwenye mkono mwepesi kama wake. Familia inawashukuru majirani waliobeba, waliopika na walioketi nasi, wauguzi, na daktari aliyesema ukweli.

Ameacha pia mdogo mmoja. Kaka, hakukuwa na Jumatano. Nilijua, nikakupakia, nikaendesha. Nisamehe. Mwenyezi Mungu akupokee, upumzike.