Mpima Barafu ya Mawinguni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Mama yake alikuwa akisema alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyekuta hesabu imekosewa.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya fizikia ya hali ya hewa.

Maisha yake yote alifanya kazi moja: kupima barafu inayoganda kwenye ndege ikiwa mawinguni. Ndege mpya haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba inaweza kuruka na barafu hiyo. Yeye alikaa nyuma ya rubani, macho kwenye kipimo cha matone ya maji ya mawingu, huku wenzake wakitapika.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na mfamasia. Nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuacha friji wazi. "Mzee Barafu huyo!" watoto walitaniana, naye akajibu, "Chekeni tu, wanangu. Barafu haina utani."

Mwaka 2011, aina moja ya ndege aliyoipima ikiwa imeshapata cheti, aligundua kwamba kipimo kilifungwa karibu mno na tumbo la ndege, mahali ambapo upepo huyasukuma pembeni matone makubwa. Kiliona madogo tu. Na makubwa ndiyo huganda nyuma ya bawa, mitambo ya kuyeyusha isikofika. Mahali hapo alipachagua yeye mwenyewe. Aliomba ndege irudishwe mawinguni, ipimwe upya.

"Mzee wangu, cheti kimeshatoka na ndege zinaruka," mkuu wake alimwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Matone makubwa."

"Hata moja haijaanguka."

"Bado."

Aliomba tena kila msimu wa baridi, hata baada ya kustaafu. Wakuu walibadilika, jibu likabaki lile lile.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Januari mwaka huu. Alipokuwa hawezi tena kula, alimuuliza mkewe, "Wamepiga simu, wale wa kazini?"

"Bado, baba watoto."

Wiki ya mwisho hakuuliza. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Kitinda mimba wake alifika jana kwa ndege ya aina ile ile. Huku haiji ndege ya aina nyingine. Keshokutwa atarudi nayo.

Baba yake na apumzike. Simu haijapigwa.